Niachie

Mama yangu alikuwa na neno moja la kupokea maji. Nilipotoka bombani, kule Kabiria, na mtungi kichwani, shingo imekakamaa na macho yamenitoka, nilimkuta ananingoja mlangoni. Alifuta mikono kwa leso, akaipeleka juu ya kichwa changu, akasema, "Niachie." Hapo ulitakiwa uache mzigo wote kwa mara moja. Ukiacha nusu na nusu uendelee kuishikilia kwa woga, mtungi uliyumba, maji yakamwagika, mkalowa wote wawili, na siku hiyo mlipika kwa kubana. Ilinichukua miaka ya utoto wangu kuelewa kwamba kubeba si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuacha.

Neno hilo baadaye lilikuja kuwa kazi yangu. Kisha likawa jina kwenye bango mjini. Kisha likanirudia likiwa na maana yake ile nyingine, na tangu siku hiyo sijalitamka tena kwa mtu yeyote.

Nilikuwa na rafiki. Tulikua ploti moja, mlango wangu ukitazama mlango wake, tukasoma sekondari moja ya kutwa, tukamaliza kidato cha nne pamoja, na baada ya hapo hakuna kati yetu aliyeendelea. Yeye alikuwa mchezaji wa ngoma tangu kuzaliwa. Mimi nilicheza kwa sababu yeye alicheza. Alianzisha kikundi, tukapewa ukumbi nyuma ya kanisa, wenye sakafu ya saruji iliyopasuka, kwa masharti kwamba tuufagie na tusivae kaptura siku ya maombi ya akina mama. Tulicheza harusini, tulicheza hotelini, tulicheza kwenye sherehe za mashule. Watu wakishajua mimi ni Mkamba walitaka nipige sarakasi ya ngoma ya kwetu. Nilikuwa nawaambia sarakasi waliibeba babu zangu wote wakaenda nayo, mimi waliniachia miguu ya kutembea tu.

Na kweli nilikuwa mtu wa kutembea. Sikuweza kukaa. Hata leo, nikikaa mji mmoja miaka miwili, nyayo zinaanza kuniwasha. Lakini wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kuzunguka kwangu kulikuwa kwa ndani ya Nairobi: Kabiria hadi Kawangware, Kawangware hadi Lavington nikipita kando ya nyua za michongoma, kisha kushuka na kupanda mpaka Westlands, na mbele yake Spring Valley, ambako barabara zilikuwa kimya kiasi cha kusikia viatu vyako mwenyewe. Nikiifikiria Nairobi sasa, ndiyo hiyo ninayoikumbuka: harufu ya majani yaliyokatwa asubuhi, na soja wa geti akinisalimia kwa kuinua kikombe cha chai.

Wakati huo alikuja mwalimu mgeni, mama mmoja wa ng'ambo, akakodi chumba cha chini katika nyumba za ghorofa za Kilimani, akawa anafundisha tiba ya mwili. Alisema mwili unahifadhi yale ambayo mdomo ulikataa kuyasema, na kwamba ukijua kuusogeza mwili vizuri, yale mambo yanapata njia ya kutoka. Rafiki yangu alisikia, akaomba nafasi, akapewa, akanivuta na mimi. Siku ya kwanza tulilazwa kwenye mikeka, macho yamefungwa, tukaulizwa huzuni yetu inakaa wapi. Vijana wa Kilimani, wale wa kazi za ofisini, walisema kifuani, wengine wakasema kooni. Rafiki yangu akasema, bila kufungua macho, "Yangu iko kwa tumbo. Inaitwa njaa." Chumba kizima kilicheka, na mwalimu naye akacheka alipotafsiriwa. Ndivyo alivyokuwa. Alisema kile ambacho mimi nilikuwa nakimeza. Nilimpenda kwa hilo, na sitadanganya hapa kwamba sikumpenda.

Zoezi lililotuingia zaidi lilikuwa la watu wawili. Mmoja anamwegemea mwenzake, anamwachia mwili wote, mpaka yule anayepokea anahisi mwenzake amekuwa mzito kama mtu aliyelala. Mwalimu alikuwa na maneno ya kwao ya kuliita. Rafiki yangu alitaka kulipeleka Kabiria, kwa akina mama wa kanisa wenye migongo iliyochoka, akatafuta Kiswahili chake. Akajaribu "nipe uzito." Mama mmoja muuza makaa akacheka, akasema anaskia kama anapelekwa kwa mizani. Akajaribu "nitegemee." Wote wakainamisha vichwa, wakidhani maombi yameanza. Mimi nikasema, "Niachie."

Rafiki yangu akageuka. "Rudia."

"Niachie. Mamangu ndivyo anasema akinipokea maji."

Tukajaribu na yule muuza makaa. Nilisimama nyuma yake, nikasema niachie, na mwili wake ukajua la kufanya kabla yeye mwenyewe hajajua. Aliniegemea mzima mzima. Akakaa hivyo muda, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kupokewa tangu aolewe.

Kuanzia hapo tukawa na kazi isiyokuwa na jina. Asubuhi nilitunza wagonjwa majumbani, kwa maana nilikuwa nimepata mafunzo mafupi ya kuosha mgonjwa, kumgeuza na kumlisha. Alasiri tulicheza. Katikati yake kulikuwa na lile zoezi, na rafiki yangu akaanza kusema kwamba mambo hayo matatu ni kitu kimoja. Anayemwinua mgonjwa kitandani anacheza ngoma, alisema, ila haina watazamaji. Na anayecheza vizuri anamtunza mwenzake asianguke. Na wote wawili wanatibu. Alikuwa anasema hivi tukiwa tumeketi kwenye ngazi za ukumbi tukimenya miwa, maganda yanaanguka kati ya miguu yetu, na mimi niliamini kila neno. Bado naamini. Hilo ndilo linaloniumiza.

Akina mama wa kanisa ndio walioniunganisha na ile nyumba ya Spring Valley. Ilikuwa ya bwana mmoja mfanyakazi wa ofisi kubwa, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Mamake alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wa kulia umekufa. Kila mtu alimwita Shosho, yaani bibi, hata soja, kwa hiyo na mimi nikamwita Shosho.

Alikuwa mama mkubwa, wa mifupa mipana. Maisha yake yote alikuwa amelima na kuuza mboga kule pembeni ya mji, upande wa Kabete, kabla mashamba hayajawa nyumba za kupangisha. Alifunga kitambaa cheupe kichwani, chini kabisa, mpaka kwenye nyusi. Nilipomwosha mara ya kwanza ndipo nikaona sababu. Kwenye paji la uso alikuwa na mfereji, alama iliyobonyea kutoka sikio hadi sikio, ya kamba aliyobebea kuni na maji tangu akiwa msichana. Niliona alama hiyo nikaacha kuosha. Yeye akaniona ninavyoitazama.

"Ndiyo," akasema. "Nyinyi mnabeba na kichwa juu mkipiga domo. Sisi tulibeba na mgongo, uso unatazama chini. Na hakuna mtu alikuwa anatupokea. Unajipokea mwenyewe."

Siku hiyo hiyo aliniambia anachotaka. Sikumuuliza. Alisema mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alikuwa amemwahidi kutembea, na mwanawe anaombea kutembea. "Mimi sitaki kutembea. Nitembee niende wapi? Nataka tu wakisimama kwa wimbo, na mimi nisimame." Kanisani kwao, wimbo ukianza, kila mtu husimama. Wanaobaki chini, alisema, ni watoto wa kubebwa na watu wa kungojewa wafe. Yeye alikuwa amewaongoza akina mama kuimba tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na sasa kila Jumapili alikuwa anaimba akitazama makoti ya watu.

Yule mtaalamu alikuwa ameniambia nguvu ipo kwenye mguu wa kushoto, na hata wa kulia umeanza kurudi kidogo, ila mama anajikaza. Ilikuwa kweli. Nikijaribu kumwinua kutoka kitandani alikuwa mgumu kama mlango. Aliogopa uzito wake. Aliona haya kwamba ni mzito.

Nikamwambia, "Shosho, niachie."

"Nikuachie nini, wewe mtoto wa Ukambani? Uvunjike mgongo halafu watu wenu wanitumie nyuki wa uchawi?"

Nikacheka, nikamwambia nyuki wetu wako likizo. Kisha nikamwambia habari ya mama yangu na mtungi, na ya maji yanayomwagika ukiacha nusu. Alinisikiliza akitazama dirisha. Lakini kesho yake, nilipoinama mbele yake na kupitisha mikono chini ya makwapa yake, yeye ndiye aliyesema, "Haya, sema hiyo neno yako."

Haikuja mara moja. Aliacha robo, akaacha nusu. Nilimsimulia rafiki yangu kwamba nimepata mama anayejifunza lile zoezi kuliko sisi sote, na nikamsimulia Shosho kwamba nina rafiki anayelifundisha. Shosho mwenyewe akasema aje amwone huyo mwalimu wa kuegemeana. Hivyo ndivyo rafiki yangu alivyofika Spring Valley. Alikuja kwa mwaliko, amebeba ndizi na mkate, akamsalimia kwa mikono miwili, na Shosho akamwambia ni mwembamba, kama ufagio wa nje. Walipendana haraka.

Siku hiyo ndiyo Shosho aliacha. Sijui ni kwa sababu ya kicheko, au kwa sababu ya mtu wa pili chumbani. Nilisema niachie, na ghafla uzito wake wote ukaja, nikapanua miguu kuupokea, na tukawa tumesimama. Kichwa chake kilikuwa shingoni mwangu. Mkono wake mzima ukaanza kunipigapiga mgongoni taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Na hapo mwili wake, ambao ulikuwa umejikaza tangu siku ya kiharusi, ukaachilia kila kitu. Maji ya moto yalishuka miguuni mwake, miguuni mwangu, hadi sakafuni.

Nilimketisha. Rafiki yangu ndiye aliyechukua kitambaa na beseni. Alipiga magoti, akapangusa sakafu, akapangusa miguu ya Shosho kidole kwa kidole, bila haraka, bila zile "pole" za watu wanaojifanya. Nilimwona nikajivunia kwamba ni rafiki yangu.

Kitambaa cha kichwani kilikuwa kimeanguka. Shosho alikirudisha kwa mkono mmoja, akakivuta chini hadi kwenye nyusi, ndipo akasema.

"Mmeona. Sasa hii ni ya hii chumba."

Rafiki yangu alishika ule mkono wake mzima kwa mikono yake yote miwili, yenye harufu ya sabuni bado. "Shosho," akasema, "itabaki hapa."

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote niliyofanya kazi. Tulipima kwa nyimbo. Nilimwinua, akasimama akiniegemea, akaimba ubeti kwa Kikikuyu, kisha akakaa. Baadaye beti mbili. Baadaye alishika bega langu tu. Alikuwa akiimba ananitazama machoni, na nikichanganyikiwa kwenye kiitikio, kwa maana sikukijua Kikikuyu vizuri, alikatiza wimbo na kunitukana kidogo kabla ya kuendelea, na muda huo wa matusi pia alikuwa amesimama. Mwanawe alikuja mlangoni siku moja amevaa tai ya kazini, akatukuta tumesimama hivyo, akarudi nyuma polepole ili tusimwone. Nilimwona. Alikuwa anafuta miwani.

Upande wa pili, rafiki yangu alikuwa amepata nafasi ya onyesho mjini, katika ukumbi mmoja wenye jukwaa la kweli na taa za kweli. Onyesho lingeitwa *Niachie*. Aliniambia tukiwa kwenye zile ngazi, na nikaruka kwa furaha kama panzi. Tulilifanyia mazoezi tangu mwanzo mimi nikiwa ndani. Nilicheza sehemu ya anayepokea. Kulikuwa na maji, kuni, na wanawake wanaobebana kwa zamu, na nilidhani ndiyo yote.

Onyesho lilipokaribia, akaniita kando. "Beshte, skiza. Siku hiyo wewe ukuwe mgeni. Keti na Shosho pale mbele. Nataka ajionee venye ametufunza."

Nikauliza nani atacheza sehemu yangu. Akasema amepata mtu, nisijali, na kwamba Shosho atahitaji mtu wa kumtuliza kukiwa na watu wengi. Jambo hilo lilikuwa la maana. Nilimshukuru hata. Siku za mwisho mlango wa ukumbi ulikuwa unafungwa wakati wa mazoezi, na nilipopita nje nikasikia muziki na miguu, nikasema moyoni kwamba wanataka kunishangaza.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Mwanawe Shosho alituleta kwa gari mpaka mlangoni, akasema atarudi kutuchukua. Shosho alikuwa amevaa gauni la kanisani na sweta jipya, na kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Nilisukuma kiti chake cha magurudumu mpaka karibu na jukwaa, kwenye njia, nikaketi kando yake. Ukumbi ukajaa: watu wa Kilimani, wageni wenye vyeo, wanafunzi, na nyuma kabisa akina mama wetu wa Kabiria wamebana mikoba mapajani. Shosho aliniuliza kama choo kiko karibu. Nikamwonyesha mlango. Akaitikia kwa kichwa, akatulia.

Mwanzo ulikuwa kama tulivyozoea. Maji, kuni, kubebana. Shosho alikuwa akipiga goti lake kwa mdundo. Kisha taa zikapungua, kikaletwa kitanda katikati ya jukwaa, na aliyekuwa amelala juu yake akaketi. Alikuwa rafiki yangu. Alikuwa amefunga kitambaa cheupe chini mpaka kwenye nyusi. Upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, na ulikuwa umekufa sawasawa, ule mkono uliopinda kidogo kwa ndani, mdomo ulioshuka upande mmoja. Sauti ya Shosho ilitoka kinywani mwake, ikisema ni mzito, mtavunjika. Watu wakacheka. Bwana mmoja nyuma yetu alicheka mpaka akakohoa.

Nilihisi mkono wa Shosho umeacha kupiga goti.

Akaingia yule msichana wa sehemu yangu. Akainama. Akasema, "Niachie." Kitambaa kikaanguka, na taa ikamwangaza rafiki yangu usoni, na pale kwenye paji palikuwa na mfereji, umechorwa kwa rangi nyeusi kutoka sikio hadi sikio. Wakasimama. Mkono mzima ukaanza kumpigapiga yule msichana mgongoni. Na kutoka chini ya gauni, kutoka chombo walichokificha sijui wapi, maji yakashuka, yakang'aa kwenye taa, yakasambaa jukwaani.

Vicheko vilikatika. Nikasikia mtu anavuta makamasi, na mwingine. Walikuwa wanalia. Kisha makofi yakaanza, yakakua, na wote wakasimama. Safu kwa safu walisimama, mpaka hatukuona jukwaa tena, tuliona makoti na migongo na mikoba. Mimi niliketi. Shosho aliketi. Alikuwa ameshika kitambaa chake kwa mkono mzima, akikivuta chini, akikivuta, hadi kikafunika macho.

"Nitoe," akasema.

Lakini njia ilikuwa imejaa watu, na kabla sijakigeuza kiti, rafiki yangu alikuwa ameshuka jukwaani. Alikuja mbio, gauni limelowa, uso umejaa furaha, ile rangi bado ipo kwenye paji. Alipiga magoti mbele ya kiti kama alivyopiga magoti siku ile na beseni.

"Shosho, umejiona?"

Shosho aliinua kitambaa machoni, akamtazama. Kisha akatoa mkono wake, akaweka kidole gumba kwenye paji la rafiki yangu, akafuta. Alifuta taratibu kutoka katikati kwenda pembeni, kama unavyomfuta mtoto masizi. Rangi ikatoka. Akaangalia kidole chake.

"Yangu haitoki," akasema.

Rafiki yangu alicheka kidogo, kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Tulirudi Spring Valley. Jumatatu nilitembea kwenda kazini kama kawaida. Nilimkuta ameamka. Nilimsalimia, akaitikia. Nikaweka miguu sawa, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikamwambia kama kila siku, "Shosho, niachie."

"Niachie," akasema.

Nilidhani ananirudishia, kama alivyozoea kunirudishia kwa utani. Nikakaza mikono kumpokea. Akaweka ule mkono wake mzima kifuani mwangu, akanisukuma.

"Wewe. Nimesema niachie."

Nikamwachia.

Nilimwambia sikujua. Nilimwambia mlango wa ukumbi ulifungwa na mimi nikiwa nje. Alisikiliza yote. Hakuwa na hasira; angekuwa nayo, ingekuwa afadhali. Akasema, "Mlikuwa wawili. Mmoja anapokea, mwingine anapeleka sokoni. Mimi nitajuaje ni gani ananishika?"

Nilimtayarishia uji. Alikula kwa mkono wake mwenyewe, akimwaga nusu kifuani, na hakunikubalia nimfute. Jioni ile mwanawe aliniita uani. Alisema mamake ameomba mtu mwingine. Aliniuliza kama nilijua. Nikasema sikujua. Alinitazama kama mtu anayetaka sana kuamini, akanishukuru kwa yote, akaniambia dereva atanifikisha nyumbani. Nikasema nitatembea.

Nilimkuta rafiki yangu ukumbini, anafagia. Onyesho lilikuwa limeombwa miji mingine na alikuwa na mengi ya kunieleza. Nilimkatiza. Nilisema aliahidi, nikiwepo, akiwa ameshika mkono wa mtu.

"Nilimtaja?" akauliza. "Niambie kama nilimtaja. Hakuna mtu pale alimjua."

"Yeye alijijua."

"Watu walilia. Uliwaona? Akina mama wetu walilia. Hiyo ndiyo tiba yenyewe, si ndiyo tumekuwa tukisema? Mwili mmoja unaachilia, wengine wanaachilia."

"Ulifunga mlango ili nisione."

Aliacha kufagia. Alikuwa na uwezo wa kusema chochote hapo na mimi ningekipokea. Angesema ni wale wengine waliofunga. Angesema ni baridi.

"Ungekataa," akasema.

"Ndiyo."

"Basi."

Ufagio ukaendelea. Nikamwambia na lile neno lilikuwa la mama yangu. Akasema, bila kugeuka, neno ni la Kiswahili.

Tangu hapo nimehama sana. Nimekaa Nakuru, nimekaa Voi, nimekaa Kitale kwenye baridi, na sasa niko mahali pengine ambapo pia sitakaa. Kote nimewatunza wazee na wagonjwa, kwa sababu mikono yangu haijui kazi nyingine. Kucheza niliacha. Nikimwinua mtu kitandani nasema "twende," na wengi hawaulizi twende wapi. Rafiki yangu nasikia alifika mbali, anafundisha watu jinsi utunzaji na tiba na dansi vinavyokuwa kitu kimoja, na neno wanalotumia ni lile. Wakati mwingine naota tunamenya miwa. Kwenye ndoto hatugombani, na nikiamka ndipo nakasirika.

Lakini kabla ya kuondoka Nairobi, Jumapili moja nilipanda mpaka lile kanisa la kina Shosho, upande wa Kabete. Nilifika ibada imeanza, nikaketi benchi la mwisho karibu na mlango. Kutoka pale sikuweza kujua yuko wapi. Vichwa vilikuwa vingi na vitambaa vyeupe vilikuwa vingi. Nilijiambia mguu wa kushoto una nguvu, na wa kulia umerudi kidogo, na beti tulishafika nne. Nilijiambia huenda huyo mtu mpya ana neno lake.

Wimbo ukatangazwa. Watu wakasimama, mabenchi yakalia, na mimi nikasimama. Ulikuwa wimbo aliozoea kuuimba akiwa ameshika bega langu, na safari hii kiitikio nilikijua. Nikanyoosha shingo nikatafuta kitambaa kilichofungwa chini mpaka kwenye nyusi. Nilitafuta safu kwa safu, ubeti wa kwanza, wa pili, hadi wa mwisho. Wote waliosimama niliwaona, na yeye hakuwa kati yao. Kisha wimbo ukaisha, watu wakaketi, na hapo ndipo nikamwona, kule mbele karibu na njia, kitambaa chake kiko kimo kimoja na cha kila mtu.